Donge

Wete wanasema nina donge.
Biubwa wa nyumba ya pili kaniuliza waziwazi,
ungo mapajani, macho kwenye chuya:
"Una donge na nani, Raya?
Msamehe, litashuka."

Nimewapitia wote, mmoja mmoja, usiku.
Wifi yangu aliyeazima doti tatu za kanga asirudishe: nimemsamehe.
Mjomba aliyeuza mikarafuu yetu bila kutuuliza: nimemsamehe,
na hapo nilijikaza, nikarudia mara mbili.
Hata marehemu mama, kwa jambo ambalo sitalitaja.
Asubuhi nikachukua kipande cha mkate wa kumimina,
nikakitafuna mpaka kikawa si mkate tena,
nikapiga bismillahi.
Kikafika pale pale.
Kikakaa.

Miaka miwili na miezi mitano.

Chake Chake waliniangazia tochi. "Fungua. Sema aaa."
Nikasema aaa
kama mtoto wa chuoni aliyesahau alifu.
Wakanipa dawa ya kiungulia, vidonge vinene.
Vidonge! Kwa mtu asiyemeza.
Nikavitwanga kwenye kinu cha iliki.

Unguja, Mnazi Mmoja, waliniteremshia mpira mwembamba
wenye jicho mbele.
Daktari kijana, kucha safi, akanionesha kwenye kioo:
njia nyekundu, nyevu, inang'aa
kama ufizi wa mtoto mchanga.
"Hakuna kitu, mama. Huenda ni mawazo."
Nikarudi Pemba na bahasha ya hakuna kitu,
nimelipa laki mbili na nusu kwa hakuna kitu.
Kama ni mawazo, basi yana miba kama changu.

Mwalimu Sharifu akaniandikia kombe kwa zafarani.
Nililinywa lote, mpaka na harufu.
Kombe lilipita.
Wali haukupita.

Kazi yangu ni kushona kofia.
Matundu nayajua. Kofia moja ina matundu mia na kitu,
kila moja nalizungushia uzi mpaka lisimame wazi,
lipitishe upepo kichwani mwa mume wa watu.
Hili langu moja
sijui nani analishona.

Nimejifunza. Kidevu chini, kama mtu aonaye haya.
Funda la maji, tonge, funda la maji.
Bokoboko, ndiyo. Pweza, hapana.
Muhogo wa kuchoma, hata kuutazama, hapana.
Arusini nabeba sinia nazunguka nalo,
"Kuleni, kuleni, mbona hamli?"
Hakuna autazamaye mdomo wa anayehimiza.

Na hawajui kuwa Ramadhani ndio mwezi wangu.
Mchana kutwa Wete nzima haimezi.
Nashona barazani, wapitao wananisalimu,
midomo imewakauka kama wangu,
tuko sawa.
Kisha adhana. Mitaa inanyamaza mara moja,
nasikia vijiko vya nyumba sita,
na mie na tende yangu moja
niliyoiloweka kwenye maziwa tangu alasiri,
imelegea kama sikio la paka.

Hafidh amekuwa mla polepole.
Zamani alimaliza sahani kabla sijakausha mikono.
Sasa anamega mkate, anauweka,
anaeleza bei ya saruji,
anamega tena.
Sikumwomba. Hajasema.
Jana nilimkamata: tonge lake la mwisho
kalishika vidoleni, limeshapoa,
anautazama mlango kana kwamba kuna mgeni,
kumbe anasubiri langu lipite.

Lilichelewa.
Paka wa Biubwa akaingia, akatoka.
Hafidh akaanza tena ile habari ya saruji,
tangu mwanzo.